Kisafisha hewa kinamaliza kweli gesi ya plaiwudi mpya?

seremala_mafinga: Wakuu, ofisi ya mita za ujazo 30, ukuta na dari vyote plaiwudi mpya. Gundi inawasha macho. Kisafisha hewa kikiwashwa, taa yake inageuka kijani, macho yanaendelea kuwasha. Nitakipimaje?

kipimo_iringa: Hiyo taa usiitegemee mkuu, mara nyingi inasoma vumbi. Fomaldehaidi ya gundi ni gesi, chujio la vumbi (HEPA) haliikamati. Tafuta kipimo cha fomaldehaidi chenyewe, na siku hiyo pasipigwe sanitaiza humo ndani. Spiriti huzidanganya sensa nyingi.

Maabara humwaga gesi kwenye chumba kilichofungwa, kisha huangalia inavyoshuka. Kwako haifai, mbao zinaendelea kutoa gesi. Fanya usiku mbili: wa kwanza mashine imezimwa, wa pili imewashwa, feni ndogo ikichanganya hewa usiku zote mbili, madirisha yamefungwa. Soma saa 12 asubuhi. Usilinganishe alfajiri na mchana, maana plaiwudi ikipata joto hutoa zaidi, na baridi ya Mafinga unaijua.

Uyole_77: Ongeza kipimo cha kaboni dioksidi, ujue chumba kinavuja kiasi gani. Watu wakae ndani hadi isome 1,800 ppm (sehemu kwa milioni), watoke, mlango ufungwe. Nje ni kama 420, kwa hiyo ziada ni 1,380. Ikisoma 1,110 baada ya saa moja, ziada imebaki nusu: hewa inabadilika mara 0.69 kwa saa (logi asilia ya 2), yaani mita za ujazo 21 hivi. Sasa fomaldehaidi ikitoka 180 ppb (sehemu kwa bilioni) usiku wa kwanza hadi 90 usiku wa pili, usafishaji umekuwa maradufu, yaani mashine imeongeza 21 nyingine tu. Dirisha lililofunguliwa kidogo linaishinda. (Hesabu hii inaipunja mashine kidogo, kwa sababu hewa ikisafika ubao nao hutoa zaidi.)

seremala_mafinga: Chujio lenyewe ni kitambaa cheusi chembamba. Na asubuhi tunaota jiko la mkaa humo humo.

kipimo_iringa: Jiko litoke leo! Kaboni monoksidi, gesi yake ya sumu, haikamatwi na chujio la mkaa, la aina yoyote. Kitambaa hicho cha mkaa hujaa upesi, na mkaa mtupu ni dhaifu kwa fomaldehaidi. Tafuta chujio la punje zenye pamanganeti ya potasiamu. Zikiwa mpya ni zambarau. Pasua moja katikati: ikiwa kahawia hadi ndani, imekwisha.