Jumuiya yetu imegawanywa na siasa, naomba ushauri

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya Kikatoliki hapa Uasin Gishu, Kenya. Tuko Wakikuyu, Wakalenjin na Waluhya. Uchaguzi ni Agosti 2027 lakini joto limeshapanda. Kwenye grupu la WhatsApp masomo ya Jumapili yanafunikwa na video za wanasiasa.

Juzi tulisali nyumbani kwa mjane mmoja. Ulipofika wakati wa kupeana amani, wazee wawili, walewale waliochimba pamoja kaburi la baba yangu, walikwepana macho. Mmoja alishika rozari kwa mikono yote miwili ili asimpe mwenzake mkono. Niliumia sana. Hapa kwetu hatujasahau kanisa la Kiambaa lilivyochomwa na watu wakiwa ndani, 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi.

Mwenyekiti anataka siasa ipigwe marufuku kabisa. Mimi naona tukinyamaza, chuki itazidi kuiva chini kwa chini. Shida ni kwamba nami nina upande wangu, na wanaujua. Je, niwaendee mmoja mmoja kama Mathayo 18 inavyoelekeza, au nimwachie padri? Mliopitia haya, mlianzia wapi?