Tupeane uzoefu: nani alikuwa na mzee kituoni kipindi cha korona?

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Mie niko Tanga, Makorora, na hili jambo limenikaa moyoni tangu 2020 nikaona leo niliseme na nyie mnambie yenu.

Mzee wetu alikuwa kituo cha wazee, sitataja kipi. Si ndugu wa damu, alikuja Tanga bado kijana, manamba wa kukata mkonge, mashamba yalipofifia hakurudi kwao Kigoma, akapanga chumba cha uani kwa babu yangu na sisi wote tumekua tunamwita babu mdogo. Babu alipofariki nyumba ikauzwa warithi wakagawana, hakuna aliyekuwa na chumba cha kumpa, akaenda kituoni. Kila Ijumaa nilikuwa nampelekea mkate wa kumimina na betri za redio.

Sasa tarehe 16 Machi 2020 anatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, kesho yake shule zinafungwa, Ijumaa ile nafika getini mlinzi ananambia haingii mtu. Nikaacha mfuko. Wiki ya pili hivyo hivyo, ya tatu akaniuliza "kwani wewe ni nani yake?" nikakosa jibu, maana kwenye makaratasi sipo popote. Jamani kufunga geti sikulaumu, mle ndani kuna wazee wa pumu, presha, sukari, na ule ugonjwa ulikuwa unaanza na watu wa umri wao. Kilichoniuma ni kwamba wazee hawakuelezwa kwanini hatuji. Babu mdogo alijua tumemchoka.

Mwezi wa sita ndio akaletwa getini kwenye kiti, mie nimesimama mbali na barakoa yangu. Masikio yake mazito, anasikia kwa kuangalia midomo, na midomo ndiyo hiyo imefunikwa. Akaniangalia weee, akamwambia mlezi "mwambieni mama huyu aje kesho, leo namngoja mjukuu wangu." Nilirudi nyuma hatua kama kumi, nikashusha barakoa, nikamwita. Akasema "kumbe upo."

Nani mwingine yalimkuta? Mlifanyaje?

Wa Ngamiani, niko Uingereza

Pole sana dada yangu. Mie mtoto wa barabara ya 12 ila niko Leicester, kazi yangu kulea wazee kwenye nyumba ya wazee. Machi na Aprili 2020 huku hospitali zilikuwa zinatoa wazee kupisha vitanda wanaletwa kwenye nyumba kama zetu, wengi bila kupimwa. Mahakama Kuu ya huku ilikuja kusema Aprili 2022 kwamba haikuwa halali, na wakati huo wengine tumeshawazika siku nyingi. Watoto wao walikuwa wanakuja kusimama nje ya dirisha, mtu anaweka kiganja kwenye kioo na mama yake anaweka chake upande wa ndani, mie nimeshika simu sikioni mwa mama ili wasikizane. Natoka zamu nimemfumba macho mama wa mtu, napiga simu nyumbani Tanga mama yangu ananiuliza umekula mwanangu. Kuja sikuweza, ndege zimesimama. Huku chanjo ilipoanza Desemba 2020 wazee wa kwenye nyumba hizi na sisi walezi tuliwekwa juu kabisa ya orodha, huko nyumbani Rais Samia kazindua 28 Julai 2021, basi nilimsumbua kaka yangu kila siku mpaka akampeleka mama.

Nilikuwa mlezi

Mimi nilikuwa upande wa ndani wa hilo geti, si kituo hicho, kingine. Tulikuwa tunakaa ndani wiki mbili bila kutoka, nimeacha mtoto ananyonya kwa dada yangu. Niwaambie kitu ambacho tulichelewa kukijua, mzee akiugua unaweza usione homa wala kikohozi. Anakataa uji tu, analala mchana kutwa, anaanza kuchanganya majina, au anaanguka njiani kwenda chooni, sisi tukasema uzee. Mzee wa namna hiyo mwahisheni hospitali. Na kwa wenye wazee vituoni, pelekeni picha zenu zilizosafishwa, andikeni jina nyuma kwa herufi kubwa, mkubaliane na mlezi mmoja saa ya kupiga simu na mpige saa hiyo hiyo. Kuna bibi alikuwa anavaa kanga mpya kila Jumapili saa kumi sababu mwanae anapiga saa kumi, siku simu isipopigwa halali.

Bagamoyo, Dunda

Sisi bibi tulikuwa naye nyumbani na bado yalitukuta. Shule zilivyofungwa wajukuu wote wa Dar wakaletwa kwa bibi, ati Bagamoyo kuna hewa, nyumba ya vyumba vitatu watu kumi na moja, unamtenga vipi mtu hapo? Tukampigisha nyungu, majani ya mpera, mchaichai, mkaratusi, mikono yake inatetemeka sufuria ikapinduka, mguu ukaungua vibaya. Na ugonjwa akapata vile vile, tukazunguka usiku kutafuta mtungi wa oksijeni. Alipona ila alihangaika na mguu kuliko korona. Naomba msimfunike mzee shuka na maji ya moto akiwa peke yake.

Makorora

Asanteni, nimesoma nalia. Kuna aliyeniuliza inbox kama babu mdogo yupo. Alifariki 2023, usingizini, alichanjwa na alikaa sana baada ya hapo. Ila geti lilipofunguliwa kitu cha kwanza nilikwenda ofisini nikaomba jalada lake, mahali pa ndugu wa karibu palikuwa na kistari tu. Nikaandika jina langu na namba yangu, palipoulizwa uhusiano nikaandika mjukuu, yule dada wa ofisi akanitazama akagonga muhuri. Ndio maana walinipigia mimi siku ile, saa kumi na moja alfajiri.

Dada wa Dunda, mguu wa bibi ulifunga kabisa?