Mwezi wa tatu chuoni na bado sina mtu wa kukaa naye, naombeni ushauri

Nyota_ya_Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeandika kwa sababu maji yamenifika shingoni.

Niko mwaka wa kwanza, msichana wa miaka 20. Shuleni sikuwahi kutafuta marafiki. Tulikua pamoja tu tangu wadogo, nikajikuta ninao. Hapa darasa letu lina wanafunzi zaidi ya 300. Naingia kwenye mhadhara, nakaa, naandika, natoka. Kuna siku hupita kuanzia asubuhi mpaka usiku sijatamka neno zaidi ya "samahani, naomba kupita".

Kilichonisukuma kuandika ni cha juzi. Mhadhiri alisema tujigawe makundi ya watu watano kwa kazi ya semista. Haikufika dakika mbili ukumbi mzima ulikuwa umeshajipanga, mimi nimesimama na daftari langu. Mwishowe nikapachikwa kwa wale waliobaki, na hata huko hakuna aliyeniuliza jina. Nilirudi chumbani nikajifunika shuka saa kumi jioni, jua bado linawaka.

Si kwamba sijajaribu. Wiki ya kwanza nilijiandikisha klabu tatu. Kila moja nilienda mara moja, nikaona wote wanajuana, nikaacha. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa watu, wageni wake hawakauki. Wakija navaa hedifoni ili nisionekane nasikiliza maongezi yao. Mama akipiga simu namwambia nina marafiki wengi na nina furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nafikiria kuahirisha mwaka au kuomba kuhama chuo. Hivi kuna watu ambao maisha ya chuo si yao? Na hawa wenzangu marafiki waliwapata wapi haraka namna hii? Naombeni msinicheke.

Mzee_wa_Daftari

Mdogo wangu, pole. Ila nikukumbushe kilichokupeleka chuo. Ulienda kutafuta elimu, na elimu haihitaji kundi. Nimeona vijana wengi wazuri wakiharibiwa na marafiki. Kaa na vitabu vyako, miaka mitatu ni michache, marafiki utawakuta kazini.

Binti_Hesabu

Mzee wa Daftari, nakuheshimu, lakini hapa nakupinga. Mleta mada usiufuate ushauri huo.

Nasoma hisabati, kwa hiyo nitatoa mfano wa huku kwetu. Miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa hisabati, Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi wenye uwezo walikuwa wakianguka somo la kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Aliwafuatilia namna wanavyoishi na kusoma. Hakukuta uvivu. Wanafunzi weusi wengi walikuwa wakijifungia kusoma peke yao, kwa bidii, kama walivyofundishwa. Wale wengine walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni kulinganisha majibu, kusahihishana na kuulizana mhadhiri alikusudia nini. Treisman alianzisha vikao vya kusoma kwa pamoja vyenye maswali magumu, na matokeo ya walioshiriki yakapanda sana.

Mtu wa kumuuliza "wewe hapa umeelewa nini?" ni sehemu ya masomo yenyewe. Na mara nyingi urafiki wa chuo huanzia kwenye swali hilohilo. Mimi watu wangu wawili wa karibu niliwapata kwenye ukurasa wa tatu wa karatasi ya mazoezi tuliyoshindwa wote.

Mzee_wa_Daftari

Binti Hesabu, nimekuelewa. Hofu yangu ilikuwa makundi mabaya. Kusoma pamoja sipingi.

Kaka_Mtulivu

Dada Nyota, mimi nilikuwa wewe. Mwaka wa kwanza wote niliumaliza hivyo, nikaanza wa pili nikiwa nimeshakata tamaa.

Nataka nishike pale uliposema ulienda klabu tatu, mara moja moja. Hapo ndipo palipoharibika, na siyo kosa la tabia yako. Siku ya kwanza kila mtu huwa mgeni machoni pa wenzake. Ya pili unakuwa yule wa juzi. Ya nne au ya tano mtu anakuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana. Wewe uliondoka kabla ya hapo pote. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, ambaye mwaka 2018 alichapisha makadirio ya saa ambazo watu huhitaji kukaa pamoja: kama saa 50 kutoka kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kufika kwenye urafiki hasa, na zaidi ya 200 kufika kwenye ule wa karibu. Baadhi ya aliowafuatilia walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wewe. Sasa piga hesabu ya saa ulizokaa kwenye klabu zako. Sita? Umejihukumu kwa saa sita.

Na hao unaowaona wamejipanga upesi, wengi hawajawa marafiki bado. Wameshikana kwa sababu nao waliogopa kubaki wamesimama. Semista ya pili utaona makundi yale yakivunjika na kuundwa upya. Mlango haujafungwa.

Mimi nilitokaje? Niliingia timu ya mpira wa wavu. Kucheza sikuwa hodari, kwa hiyo nikamwomba nahodha nipewe kazi ya kutunza mipira na kuandika mahudhurio. Nakushauri sana jambo hili: usiingie kwenye kundi kama mtazamaji, omba kazi, hata ndogo. Ukiwa na funguo za stoo, watu lazima wakutafute, lazima walijue jina lako, na wewe una sababu ya kufika hata siku ambayo roho haitaki. Baada ya mwezi hivi nilikuwa naitwa kwa jina nikiwa mbali. Sitasahau sauti ile.

Nyota_ya_Alfajiri (mleta mada)

Asanteni sana. Kaka Mtulivu, hesabu ya saa imenigusa, kwa sababu nilidhani wenzangu wana kitu ambacho mimi sina. Swali langu sasa: nikishakaa karibu na mtu, nasema nini? Nikisalimia, anajibu, kisha kimya. Ndipo ninapokwama.

Mtu_wa_Safu_ya_Mbele

Salamu ikijibiwa imekwisha, hiyo ni kawaida yake. Weka kitu chenu wawili katikati. "Lile swali la pili wewe ulilianzaje?" "Alivyosema tusome sura ya nne, alimaanisha yote?" Akijibu, usilazimishe maongezi yaendelee. Kesho yake rudi palepale: "Nililifanya kama ulivyoniambia, likakubali." Hiyo kesho yake ndiyo yenye kazi kubwa, maana anajua ulimsikiliza. Kaa safu ileile kila siku, fika dakika kumi kabla. Dakika zile kabla mhadhiri hajaingia zina maongezi mengi kuliko saa mbili za mhadhara.

Kisha baada ya mara tatu au nne hivi, ihamishe nje ya ukumbi: "Natembea kuelekea maktaba, twende?" Saa za kukaa kimya mkimtazama mhadhiri hazijengi ukaribu kama zile mnazochagua wenyewe kuwa pamoja.

Salma_Mweka_Hazina

Nyongeza fupi kwa mleta mada. Usinunue urafiki. Kuwafanyia watu kazi zao za darasa, kuwakopesha hela wasiorudisha, kucheka mambo yanayokuumiza. Nilifanya yote hayo mwaka wa kwanza na niliposema "hapana" mara moja tu, simu yangu ilinyamaza. Na kundi lolote linalokutaka uwakate ndugu zako na watu wengine wote, ondoka siku hiyohiyo, hata kama ndio wa kwanza waliokukumbatia.

Mwalimu_Mlezi

Mwanangu Nyota, nimewashauri wanafunzi kwa miaka mingi, na barua kama yako nimeisikia kwa midomo ya wengi. Wengine ni hao hao ambao wenzao wanawaona ni watu wa watu.

Umeuliza kama kuna watu ambao maisha ya chuo si yao. Swali hilo ndilo linalonitisha, kuliko upweke wenyewe. Upweke wa miezi ya mwanzo ni wa kuhama. Umeacha watu waliokujua tangu utotoni na mahali pao bado hapajajazwa. Lakini ukiutafsiri kuwa "mimi si wa hapa", kila kitu kitaanza kuthibitisha neno hilo: asiyekusalimu, alama mbaya, kiti kitupu pembeni yako. Utajifungia, na kujifungia kutakuletea upweke zaidi.

Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja cha Marekani. Kwa muda wa kama saa moja, wanafunzi walisoma maelezo ya waliowatangulia, waliokiri kwamba mwanzoni nao walihisi hawako mahali pao na kwamba hisia hiyo ilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Kisha wakaandika jinsi hayo yanavyofanana na ya kwao. Basi. Wanafunzi weusi walioshiriki, ambao ndio waliokuwa na sababu zaidi za kujiona wageni pale, walipata alama bora miaka mitatu iliyofuata, hata pengo kati yao na wazungu likapungua kwa nusu. Maisha yao ya chuo yalibaki yaleyale, yenye siku mbaya zilezile. Kilichobadilika ni maana waliyoipa siku mbaya.

Kwa hiyo uamuzi wa kuhama uweke kando hadi mwisho wa mwaka. Usiufanye ukiwa chini ya shuka saa kumi jioni. Mama yako mwambie ukweli, hata nusu yake. Uongo ule unakunyima mtu mmoja uliyenaye tayari. Na nikuulize bila kuzunguka: unalala? Unakula? Unaingia darasani? Kama usingizi na hamu ya kula vimekwisha kwa wiki kadhaa, au kuna mawazo ya kutotaka kuishi, hilo usilingojee urafiki ulitibu. Nenda leo kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya, na mtu akusindikize ikiwezekana.

Nyota_ya_Alfajiri (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu. Nalala na nakula, na darasani sijakosa. Ni huzuni tu, zaidi jioni. Nikizidiwa nitaenda, naahidi. Mama nimempigia. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Nilikuwa najua, nilikuwa nasubiri uniambie."

Kaka_Mtulivu

Dada, bado hatujamgusa mwenzako wa chumba. Mnaishi mita mbili kutoka kitanda hadi kitanda. Ulishawahi kuzungumza naye mkiwa wawili tu?

Binti_Hesabu

Naunga mkono. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba baada ya maongezi, watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Walipowaangalia wanafunzi wanaoishi bweni moja, dhana hiyo ilidumu kwa miezi. Inawezekana unayoyaona usoni kwake unayaandika wewe mwenyewe.

Nyota_ya_Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano, maana nilisema sitaondoka bila kuleta mrejesho.

Klabu nimechagua moja, ya mijadala, na sijakosa hata wiki moja. Niliomba kazi ya kushika saa wakati wa kuzungumza, kwa hiyo kila msemaji lazima anitazame. Bado sina rafiki wa kumwambia siri pale, lakini wiki iliyopita nilichelewa na katibu alinipigia simu kuuliza niko wapi. Kwenye kundi la kazi ya semista mambo ni nusu kwa nusu. Wawili hawajibu ujumbe kabisa. Mmoja tunakaa naye safu ya tatu na tumeshafanya mazoezi ya sura mbili pamoja.

Kuhusu mwenzangu wa chumba ilinichukua siku kumi kupata ujasiri. Wageni wake walipoondoka nilitoa hedifoni, nikamwambia, "Samahani, mimi huwa naona haya wakija, siyo kwamba sitaki kuongea." Alikaa kitandani akanitazama. Akasema tangu wiki ya kwanza alikuwa akiwaambia wenzake wapunguze sauti, kwa sababu alidhani nawachukia na hedifoni zile ndizo jibu langu. Tuliongea mpaka saa nane usiku. Kumbe yeye na mimi tunalala vibaya Jumapili, siku ambayo nyumbani kwao na kwetu watu hukusanyika.

Jumapili hii tumekubaliana kufua pamoja asubuhi, halafu kila mmoja apige simu kwao mwingine akiwepo. Mama ameshauliza jina lake.