Tupeane uzoefu: uhasibu na uchumi chuoni, nini kilikuangusha au kukuinua?

Mkaazi wa Bondeni, Nakuru

Wandugu, dadangu mdogo ameanza mwaka wa kwanza wa biashara. Ananiuliza mbona hata waliotoka shule na alama za juu wanafanya sapu za uhasibu, yaani mitihani ya kurudia baada ya kuanguka. Naomba wenye kupitia hiyo njia mseme. Naanza mimi.

Niliripoti chuoni wiki ya nne. Baba alikuwa anangoja mahindi yakauke ayauze ndipo karo itimie. Masomo mengine niliazima madaftari nikawafikia wenzangu. Uhasibu ulikataa. Katika hizo wiki tatu walikuwa wamefundishwa msingi wote: kila shilingi iliyoingia mahali imetoka pengine, kwa hivyo inaandikwa mara mbili, debiti na krediti. Mimi nikawakuta kwenye urari, ile orodha ya kuhakiki kwamba jumla ya debiti inalingana na ya krediti, na sijui hata mkopo wa benki unakaa upande upi. Nikakariri majibu. Mtihani ulikuja na tarakimu nyingine, pande mbili zikakataa kulingana, nikapata 31.

Nilielewa likizoni, nikimwandikia shangazi hesabu za kiduka chake. Alitoa pesa kwenye droo akamnunulia mtoto dawa, akaniambia niandike ni matumizi ya duka. Tulibishana jioni nzima! Mwishowe tukaona sote wawili kwamba duka halikutumia kitu, ni yeye mwenye duka aliyepunguza mtaji wake. Tangu siku hiyo debiti na krediti hazijanisumbua.

Binti wa Dunga, Kisumu

Mama yangu anauza omena. Mhadhiri alikuwa akichora mistari ya mahitaji na ugavi kwa mifano ya viwanda ambavyo sijawahi kuviona, nami nanakili tu. Siku moja nikaweka omena. Wavuvi huwavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti sana, mavuno hupungua na gorogoro hupanda bei. Hapo ni mstari wa ugavi uliosogea. Wateja wa mama wanaopunguza kununua kwa sababu bei imepanda, hao mstari wao wa mahitaji haujasogea, wao wanasogea tu kwenye mstari ule ule, kuelekea bei ya juu. Swali hilo huangusha watu kila mwaka.

Lakini kuelewa hakukutosha. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, na nyumbani pesa hukauka. Muhula huo nilipika chapati za kuuza hadi saa tano usiku, asubuhi nasinzia kwenye somo la takwimu. Nilianguka. Watu husifu sana mwanafunzi anayejitafutia, na mimi sijutii zile chapati, ila naomba tusiseme kwamba zilinisaidia kusoma. Nilipopata basari nikaacha biashara ya usiku, na alama zikapanda muhula uliofuata.

Lurambe, Kakamega

Kwangu ilikuwa hesabu. Nilipata C- ya hesabu kwenye KCSE nikadhani uchumi ni maelezo. Mwaka wa pili tukaambiwa tutafute kiwango cha uzalishaji chenye faida kubwa zaidi, kwa kalkulasi. Wazo lenyewe hata mama mboga analo: unaongeza bidhaa mpaka ile ya mwisho ikugharimu sawasawa na inachokuletea. Nililijua wazo, mkono haukujua njia. Nilinunua kitabu cha hesabu cha kidato cha nne nikaanza upya, kwa siri, kwa kuwa niliona aibu. Aibu hiyo ilinila muhula mzima.

Mwalimu wa jioni, Nakuru

Nafundisha wanaojiandaa kwa mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu aliyehitimu. Wengi wanausoma uhasibu kama hadithi. Wanalitazama swali lililokwisha kujibiwa, kila mstari wanaukubali kwa kichwa. Nikifunika jibu, kalamu inasimama mstari wa pili. Mwambie dada achukue swali hilo hilo, alifanye kwenye karatasi tupu bila kuchungulia, na likikataa kulingana asifute. Atafute kosa liko wapi. Saa moja ya kutafuta kosa naithamini kuliko mihadhara miwili.

Kijana wa Kondele

Mimi karo ililipwa mapema na chakula kilikuwepo. Nilicheza kamari ya mpira na pesa za kodi ya nyumba, nikahama kwa rafiki mbali na chuo, nikakosa masomo ya asubuhi. Sapu tatu. Nasema ili asidhani ni umaskini peke yake.

Mkaazi wa Bondeni, Nakuru

Asanteni. Nimemsomea yote. Anauliza, Binti wa Dunga, ile takwimu uliirudia ama uliiacha ikining'inia?

Binti wa Dunga, Kisumu

Niliirudia mwaka wa tatu, nikiwa nalala usiku. Nilipata B.