Wakuu, dogo acheze au mzee? Timu inafungwa tu, naombeni ushauri

kocha_wa_usiku:
Wakuu, habari za humu. Mimi ni kocha wa timu ya kikapu ya kulipwa. Mechi 31, ushindi 9. Usingizi sina.

Nina dogo wa miaka 20, pointi gadi, yaani mwongoza mashambulizi, msimu wake wa kwanza. Anaona pasi ambazo mimi huziona nikirudia video. Tatizo ni mpira kumponyoka. Juzi robo ya nne tunaongoza kwa nne, wakambana wawili kwenye mstari wa pembeni. Badala ya kurudi nyuma driboli mbili apate upenyo, akauinua mpira juu ya kichwa kama anaokoa ndoo isimwagike. Wakauchukua. Shambulio lililofuata, vilevile. Tukalala.

Nafasi hiyo hiyo nina mzee wa miaka 35. Mpira haumpotei, ila kwenye ulinzi skrini ya kwanza tu, mpinzani akisimama kumzibia njia, ameshaachwa. Sasa hivi dogo anapata kama dakika 22, mzee 24. Zimebaki mechi 9. Nimjenge dogo au nitafute ushindi?

Mzee wa Ribaundi:
Hapo unauliza nini sasa? Mpe dogo mpira. Pistons wa NBA, ligi ya Marekani, msimu wa 2023/24 walifungwa mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14, na kijana wao Cade Cunningham akaendelea kuushika mpira. Msimu uliofuata wakashinda 44.

TatuBila:
@Mzee wa Ribaundi umeruka katikati. Walibadilisha kocha, wakaleta akina Tobias Harris na Malik Beasley, watu wazima wa kumfungulia Cade uwanja. Kumwachia mtoto mpira peke yake halafu unasubiri akomae, huko siyo kumlea.

Chumvi Nyingi:
Naweka kiti hapa. Nani wa kwanza kumtaja Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu wa NBA?

Mzee wa Ribaundi:
Nilikuwa naandika hapa hapa 😂 Namba 2 kwenye drafti ya 2009, timu zikichagua wachezaji wapya, mbele ya Harden na Curry, na Februari 2010 Memphis wakamshusha ligi ya maendeleo.

Chumvi Nyingi:
Uzi wa kikapu bila Thabeet haujakamilika. Endeleeni.

Binti Kapu:
Kocha, mimi nilicheza miaka sita. Kocha wangu wa kwanza alikuwa akinitoa kila nikikosea, hapo hapo, hata kabla kosa halijapoa. Ikafika mahali nikidaka mpira macho yanakwenda benchi kwanza, goli baadaye. Kuna mechi nilipewa pasi chini ya goli peke yangu, nikageuka kuangalia kama kuna mtu amesimama kuingia badala yangu. Hakuna aliyesimama. Nikakosa na lile goli. Nilivyoacha kikapu nikaingia kwenye ushonaji, na huko nako fundi wangu alikuwa hivyo hivyo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

kocha_wa_usiku:
Asante dada, nimekusikia. Ila mimi simtoi kwa hasira.

MpigaFilimbi:
Mkuu, swali dogo. Ligi yenu mtu anashuka daraja?

kocha_wa_usiku:
Hapana.

MpigaFilimbi:
Kuna nafasi ya mtoano mnayoifukuzia?

kocha_wa_usiku:
Kwa mahesabu tulishatoka.

MpigaFilimbi:
Sasa hizo mechi 9 unazihesabia nini? Kuna kitu umekikalia.

kocha_wa_usiku:
Sawa. Mkataba wangu unaisha. Timu ikifikisha ushindi 13, unajiongeza mwaka mmoja. Na mzee nimeshamwambia ataanza zote zilizobaki. Lakini msinielewe vibaya. Dogo anajifunza hata akitazama. Kobe Bryant msimu wake wa kwanza NBA alicheza wastani wa dakika 15 tu.

TatuBila:
Kobe alikaa nyuma ya timu iliyoshinda mechi 56 msimu ule. Wewe unamkalisha mtoto nyuma ya timu ya ushindi 9. Anatazama nini hapo?

Mjukuu wa Refa:
Aibu kaka. Unakula jasho la mtoto wa watu. Mungu anaona.

kocha_wa_usiku:
Nikifukuzwa, anayekuja anaweza asimchezeshe kabisa. Hilo mbona hamlisemi? Mwaka mmoja zaidi ndiyo nafasi ya kumlea vizuri.

Chumvi Nyingi:
Yaani unamkalisha ili uje umchezeshe. Kula tano.

Hesabu Kali:
Wakuu subirini, hii ni chai. Rudini bandiko la kwanza. Nafasi moja, dogo dakika 22, mzee 24. Jumla 46. Mechi za kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 40. Huyu kocha anafundisha timu ya kwenye kompyuta, amekaa na rimoti kitandani.

Mjukuu wa Refa:
Ndiyo maana hana usingizi 😂😂

Mzee wa Ribaundi:
Na mimi nimemwaga takwimu zangu zote humu!

kocha_wa_usiku:
Jamani. Dakika 6 wanakuwa pamoja. Dogo anashika mpira, mzee anahamia namba mbili, nafasi ya mpigaji. Huwa nafanya hivyo mwisho wa robo ya pili, nikimpumzisha mpigaji wangu.

Hesabu Kali:
Chai imepata na maziwa.

TatuBila:
Hata kama ni chai, hizo dakika 6 mnafanyaje? Maana wakimbana dogo wawili, mzee anabaki peke yake pembeni, na huyo mpira haumpotei. Hata nafasi ya mzee ya kuanza haifi.

kocha_wa_usiku:
Sijawahi kuzihesabu peke yake.

Hesabu Kali:
Kocha gani huyo? 😂

kocha_wa_usiku:
Nimerudi. Nimekaa na karatasi za mechi tano za mwisho. Dakika 30 wakiwa pamoja, tumewazidi wapinzani kwa pointi 11. Muda uliobaki sitaki hata kuuandika.

Binti Kapu:
Si waanze pamoja basi?

kocha_wa_usiku:
Nilipomwahidi mzee ataanza, alichonijibu ni "na mpira ni wangu." Nikasema ndiyo.

MpigaFilimbi:
Eeeh. Kumbe na hilo ulikuwa umelikalia.

kocha_wa_usiku:
Nampigia sasa hivi. Namba inatumika.