Sarafu za senti za zamani: niuze kwa uzito wa shaba au nitafute wakusanyaji?

Mkaazi wa Kibokoni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Katika kugawa vyombo vya marehemu bibi tumepata mkebe uliojaa sarafu za zamani. Nyingi ni senti zenye tundu katikati, na nyingine hazina tundu. Mkebe wote una uzito wa karibu kilo nne, na nina njia tatu mbele yangu. Yuko mnunuzi wa vyuma chakavu kule Changamwe, ambaye anasema ni shaba na yuko tayari kuzipima na kulipa papo hapo. Yuko mwenye duka la vitu vya kale karibu na Ngome ya Yesu, ambaye ametaja bei moja ya mkebe mzima bila hata kuumwaga. Njia ya tatu ni kuziuza moja moja kwa wakusanyaji kupitia mtandao, kazi ambayo sijawahi kuifanya. Yule wa Changamwe anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ipi ina manufaa zaidi?

Sarafu na Historia

Wa alaykum salaam ndugu. Hakuna atakayeweza kukujibu kwa uzito peke yake. Tafadhali tuandikie miaka iliyomo, majina ya wafalme, na herufi ndogo zinazopigwa kwenye sarafu zenyewe: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Utuambie pia kama maandishi yanasomeka yote au yamesagika.

Hizo zisizo na tundu, ambazo umezipitia kwa maneno machache tu, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba aliyesimama mbele ya milima, za kuanzia 1921 hadi 1946, zina robo ya madini ya fedha (silva) ndani yake. Thumni, yaani senti hamsini, za miaka hiyo ni hivyo hivyo. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa zikawa za shaba na nikeli, nazo kwa macho zinafanana sana na zile za mwanzo. Ukimwachia mnunuzi wa chuma azitie zote katika mizani moja, utakuwa umemuuzia fedha kwa bei ya shaba.

Mizani ya Shaba

Mimi nimefanya biashara ya vyuma kwa miaka mingi, na ningependa tuzungumze kwa hesabu. Tukichukulia kwamba shaba safi ni dola 9,000 kwa tani na dola moja ni shilingi 130, kilo moja ni shilingi 1,170. Sarafu hizo si shaba safi, kwa kuwa zimechanganywa na bati na zinki, na mnunuzi naye lazima apate chake baada ya kulipa usafiri na leseni. Kwa kilo nne, ukipata kati ya 2,500 na 3,000 umetendewa haki, na malipo hayo unayo mkononi siku hiyo hiyo. Hao wakusanyaji wanaosifiwa hapa kila siku watakuuliza maswali mwezi mzima, kisha wanunue sarafu mbili na kukuachia mkebe wako.

Sarafu na Historia

Hesabu yako ya shaba ni sahihi, Bwana Mizani, lakini umeipiga kwa upande mmoja. Senti kumi yenye tundu ina uzito wa karibu gramu 11, kwa hiyo shaba yake ni kama shilingi 13 kwa bei uliyoitaja. Sasa chukua shilingi moja ya 1925 au ya 1942. Ina uzito wa gramu 7.8, na robo yake, yaani karibu gramu 2, ni fedha. Tukichukulia gramu ya fedha ni dola moja, ndani ya sarafu hiyo mna zaidi ya shilingi 250. Kilo moja ya shilingi kama hizo ina gramu 250 za fedha, ambazo kwa hesabu hiyo ni zaidi ya shilingi 32,000. Ni kweli kwamba sonara hatalipa yote, kwa sababu kuitenga fedha na shaba iliyochanganywa nayo kuna gharama, lakini hata akilipa nusu, hakuna mnunuzi wa chuma atakayemfikia.

Binti wa Majengo

Naunga mkono, na naomba nieleze yaliyonipata ili ndugu yetu ajihadhari hata na hao masonara.

Marehemu baba aliacha mfuko wa shilingi za simba. Kabla ya kumpelekea mtu yeyote, ndugu yangu mdogo alikaa akaandika katika daftari mwaka wa kila sarafu, na nyingi zilikuwa za 1921 hadi 1925 pamoja na za miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Tukampelekea fundi mmoja wa fedha, ambaye simtaji, akasema hawezi kutoa bei mpaka azipime kwa dawa, na kwamba tumwachie hadi siku ya pili. Tuliporudi alitueleza kwa upole kwamba fedha iliyomo ni kidogo mno, akatupa bei ya kuvunja moyo, na alipoona tunasita akaturudishia mfuko wetu. Uzito ulikuwa sawa na idadi ilikuwa sawa. Tulipofika nyumbani, ndugu yangu akafungua daftari lake na kuanza kusoma miaka, na hapo ndipo tulipoona kwamba sehemu kubwa ya zile za zamani zimegeuka kuwa za 1948, 1949, 1950 na 1952. Tuliporudi kumkabili alituambia kwamba sisi wenyewe hatukusoma vizuri, na hatukuwa na picha hata moja ya kumwonyesha. Daftari si ushahidi mbele ya mtu aliyeazimia kukana.

Kwa hiyo piga picha kila shilingi na kila thumni, pande zote mbili, kabla mkebe haujatoka mlangoni. Na asikudanganye mtu kwamba sumaku itakuokoa. Sumaku inashika shilingi za chuma kilichopakwa nikeli za mwanzo wa miaka ya 1990, lakini haishiki fedha na haishiki mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa hiyo haikutengei ya 1946 na ya 1948. Kinachozitenga ni kusoma. Zile za fedha za George wa Sita bado zinamwita mtawala wa India, na za 1948 hazimwiti hivyo, kwa sababu India ilikuwa imeshapata uhuru wake mwaka uliotangulia.

Mvuvi wa Kilindini

Pole sana dada. Mimi naona tunapoteza wakati kwa hizo shilingi. Atafute senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, na Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia katika matumizi ya watu. Huku kwetu zilitoka kwa sababu sarafu yenye tundu haina sura ya mfalme, ina jina tu. Mtu mwenye sarafu hiyo ameshika mali.

Sarafu na Historia

Historia uliyoieleza ni ya kweli, lakini bei unayoifikiria siyo. Sarafu hizo za Edward zilitengenezwa kwa mamilioni, London, Heaton na King's Norton, na kila mkebe wa zamani hapa Pwani unazo. Umaarufu wa mfalme haufanyi sarafu iwe adimu.

Mvuvi wa Kilindini

Siyakubali hayo yote. Ile iliyosagika haina bei, sawa. Lakini ile ambayo haikupita mikononi mwa watu, ambayo bado ina wekundu wake wa shaba mpya, wakusanyaji wanaigombania, kwa sababu wengi wanataka walau sarafu moja ya kila mfalme na huyu ana chache za kuchagua duniani kote.

Sarafu na Historia

Kwa hali hiyo tunakubaliana. Na ndiyo maana ndugu wa Kibokoni asithubutu kuzisugua kwa ndimu, jivu, mchanga au dawa ya kung'arisha shaba. Ngozi ile ya kahawia iliyojengeka kwa miaka ndiyo inayotazamwa kwanza, na ikishaondolewa hairudi. Hewa yetu ya chumvi tayari imeziletea nyingi kutu ya kijani, na hizo zitengwe na nyingine. Aziweke katika bahasha za karatasi kavu, wala si katika mifuko ya plastiki laini ambayo hutoa kemikali ya kuila shaba.

Mkaazi wa Kibokoni

Nashukuru sana. Nimemwaga nusu ya mkebe usiku huu. Shilingi za simba ziko, ila sijasoma miaka yote. Nimeona pia sarafu za shaba zisizo na tundu zenye picha ya mizani. Baadhi zina maandishi ya Kiarabu tu, na nyingine zina 1888. Kuna moja ya rangi ya njano yenye taji na mwaka 1916. Je, hizi nazo zina bei?

Mzee wa Ndia Kuu

Mwanangu, hapo sasa usimwuzie mtu yeyote kitu chochote kwa haraka. Zenye Kiarabu tu, ukiona 1299, ni pesa, yaani sarafu ndogo za shaba, za Sayyid Barghash wa Zanzibar, za 1882. Hizo ni nyingi bado, na bei yake ni ya kawaida. Zenye 1888, pamoja na mwaka wa Hijria 1306, ni pesa za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, zilizotengenezwa kwa ajili ya mji huu huu wa Mombasa wakati pesa 64 zilipokuwa rupia moja. Shaba yake haina thamani ya kutajwa, lakini ni sarafu za mji wetu.

Kuna na jambo la sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukizituma kwa posta kwa mnunuzi wa Ulaya bila kibali, umejiingiza matatani kwa ajili ya kipande cha shaba. Rai yangu ni uzipeleke Ngome ya Yesu, wazitazame wataalamu wa makumbusho.

Binti wa Majengo

Mzee, kwa heshima, watoto wa Mji wa Kale wanapaswa kuzishika sarafu hizi mikononi mwao, nazo zikiingia ghalani hawataziona tena. Heri zibaki katika familia. Na kwa kuwa ni mali ya marehemu, je, warithi wengine wameridhia ziuzwe?

Sarafu na Historia

Ile ya njano ya 1916 nahisi ni sarafu ya heller 20 (heller ni senti za Wajerumani) ya Tabora, iliyopigwa na Wajerumani katika karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wamekatiwa njia ya kuletewa sarafu kutoka kwao. Hapo madini ndiyo yanayoamua: za shaba ya njano ni nyingi, za shaba nyekundu ni chache zaidi na bei yake iko juu. Itazame mchana, kwenye mwanga wa jua, na ututumie picha ya pande zote mbili. Hukutuambia bado kama mwenye duka la Ngome alitaja kiasi gani.

Mizani ya Shaba

Nimesoma yote, na nakubali kwamba shilingi za fedha, za mizani na hiyo ya Tabora zitolewe. Lakini akishazitoa, atabaki na kilo tatu za senti zenye tundu, nyingi zimesagika hata mwaka hausomeki. Hizo nani atazinunua moja moja? Changamwe bado ni jibu zuri kwa hizo.

Mvuvi wa Kilindini

Azisome kwanza hizo pia, pamoja na zile za 1964 ambazo hazina jina la mfalme wala malkia. Mnunuzi wa Changamwe ataendelea kununua shaba hata baada ya Ijumaa.