Vipande vya jenomu ya virusi vya Epstein-Barr vilipangwaje kuwa ramani?

Mwanamikrobiolojia

Wanajukwaa, salamu. Ninasomea mikrobiolojia ya tiba, na kwa sasa ninafuatilia virusi vya Epstein-Barr, yaani herpesi ya binadamu namba 4, ambavyo viligunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizosafirishwa kutoka Kampala, alikokuwa akifanya kazi daktari Denis Burkitt, hadi London. Nimesoma kwamba kabla ya mfuatano kamili wa DNA yake kuchapishwa mwaka 1984, jenomu (yaani DNA yote ya virusi) ilikatwa vipande, vipande vikapandikizwa ndani ya bakteria ili vizalishwe kwa wingi, kisha ikachorwa ramani. Kukata na kupandikiza ninakuelewa. Nisichokielewa ni namna ya kujua kipande kipi kinapakana na kipi, ilhali vyote vimekwisha kutenganishwa. Aidha, naomba kufafanuliwa asili ya majina ya jeni kama BZLF1 na BKRF1, kwa maana sioni mpangilio wake.

Fundi wa Jeli

Ndugu yangu, maswali yako mawili yanajibiwa kwa pamoja, kwa sababu majina hayo yametokana na ukataji wenyewe. Kimeng'enya BamHI hukata DNA kila kinapokuta herufi GGATCC, na EcoRI hukata penye GAATTC. Kwa kuwa kila kimoja kina mahali pake, mipaka ya vipande vya BamHI hailingani na mipaka ya vipande vya EcoRI, na upangaji wote umejengwa juu ya tofauti hiyo. Ndiyo maana kazi ya John Arrand na wenzake ya mwaka 1981 ilikuwa muhimu sana: walitoa seti ya kloni (vipande vya DNA vilivyozalishwa ndani ya bakteria) zilizoingiliana na kufunika jenomu nzima ya aina iitwayo B95-8.

Katika maabara kazi huenda hivi. DNA yote ya virusi hukatwa kwa BamHI, vipande hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli ya agarosi, kisha huhamishiwa kwenye utando wa nitroselulosi. Kloni moja ya EcoRI hutiwa fosforasi yenye mionzi na kuachwa ishikamane na utando huo. Filamu ya eksirei ikishawekwa juu ya utando na kusafishwa, mistari myeusi huonyesha vipande vya BamHI vyenye mfuatano uliomo ndani ya kloni hiyo. Kipande cha BamHI kinachojitokeza kwa kloni mbili tofauti za EcoRI ndicho kinachovuka mpaka wao, kwa hiyo kloni hizo mbili ni majirani. Zoezi hili hurudiwa kwa kila kloni hadi mnyororo ukamilike.

Ama kuhusu majina, vipande vya BamHI vilipewa herufi kwa kufuata ukubwa, A kikiwa kikubwa kuliko vyote, na herufi kubwa zilipokwisha zikatumika ndogo. Kwa hiyo BZLF1 ni jeni inayoanzia katika kipande Z cha BamHI, inasomwa kuelekea kushoto mwa ramani (L), na ni fremu ya usomaji (F), yaani sehemu ya DNA inayosomwa kutengeneza protini, ya kwanza. BKRF1, inayotengeneza protini EBNA1, imo katika kipande K na inasomwa kuelekea kulia (R). Alfabeti hiyo haifuati mpangilio wa ramani, ndiyo maana Z, R na K zinafuatana.

Mama Plasmidi

Naongezea jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Kipande W, chenye jozi 3,072 za besi, kimejirudia mara nyingi mfululizo, na kwenye jeli mstari wake hung'aa kuliko unavyostahili kwa ukubwa wake. Ukikikloni unapata nakala moja tu ya W, ambayo haikuambii kamwe ziko ngapi katika virusi. Ukijaribu kukloni eneo zima, bakteria wanaweza kupunguza marudio hayo wenyewe; ndiyo sababu hutumika aina za bakteria zisizo na RecA, protini inayochanganya upya vipande vya DNA vinavyofanana.

Mwanamikrobiolojia

Ahsanteni sana, nimeelewa. Je, ncha mbili za jenomu zilijulikanaje?

Fundi wa Jeli

Ndani ya chembe ya virusi DNA imenyooka na ina marudio kwenye kila ncha. Ndani ya seli, ncha hizo huungana ikawa duara. Ukitumia kloni ya ncha kama kipimo, DNA ya chembe za virusi hukupa vipande vya ncha vilivyo tofauti, ilhali ile ya seli huonyesha kipande kilichoungana. Urefu wa kipande hicho hutegemea idadi ya marudio yaliyobaki, nao hurithiwa seli inapogawanyika. Kwa kigezo hicho ilionyeshwa mwaka 1986 kwamba saratani ya nyuma ya pua na koo hukua kutokana na seli moja iliyokwisha kuambukizwa.

Mama Plasmidi

Ukitumia ramani hiyo, kumbuka imechorwa kwa aina moja. B95-8 imepoteza takriban jozi 12,000 za besi ambazo zimo katika Raji, aina iliyotokana na uvimbe wa mtoto wa Nigeria, zikiwemo zile za mikroRNA nyingi (RNA fupi zinazodhibiti jeni). Mfuatano wa 1984 una jozi 172,282. Mfuatano rejea wa sasa, ambao pengo lake limezibwa kwa DNA ya Raji, una 171,823. Umepungua badala ya kuongezeka kwa sababu nakala za W zilipunguzwa pia, ziwakilishe vyema virusi vya kawaida.